Alama Chini ya Vumbi

Grady Lindqvist alilala kifudifudi kwenye seti ya kasri la mbao, fuvu limepasuka, vazi lake la shujaa limelowa damu ya kweli. Kando yake kulikuwa na stendi ya taa ya chuma. Ilikuwa saa saba mchana. Studio nzima ilikuwa imetoka kwenda kula.

Inspekta Odessa Tarpley wa polisi wa Atlanta alikuwa amezoea maiti. Kilichompandisha hasira ni pingu mikononi mwa Mzee Cleophus, mfagiaji aliyeikuta maiti na kupiga simu.

"Nani kamfunga huyu?"

"Mimi," alisema Luteni Haskell, mkubwa wake. "Ana rekodi. Wizi, mwaka sabini na nane."

"Nilikuwa sijazaliwa, Luteni."

"Mwenye filamu anataka seti yake saa kumi. Mpaka hapo hujanipa mtu mwingine, mzee anakwenda ndani."

Odessa alimeza tusi.

Lindqvist aliwahi kuwa nyota, akaporomoka hadi kutangaza magodoro, kisha filamu za Kapteni Aurora zikamfufua. Katika hii ya nne shujaa anavuka malimwengu na kukutana na nafsi zake sita, zote zikiigizwa na Lindqvist mwenyewe.

Sakafu ilikuwa imemwagiwa vumbi jeupe la filamu wakati watu wakitoka kwenda kula, Lindqvist akibaki humo. Nyayo hazikuwa na sura, maana kila anayeingia huvaa mfuko wa plastiki juu ya kiatu. Mistari miwili ilimfikia marehemu.

"Yote ya mzee," alisema Haskell. "Kaja mara mbili."

"Mmoja ni wangu, mama," alisema mzee. "Nilikwenda kumshika mshipa."

Mstari wa pili ulikwenda moja kwa moja, ukakoma, miguu yote miwili pamoja. Odessa akachutama, akapangusa vumbi. Chini yake kulikuwa na utepe wa kijani.

"Mzee, hii nini?"

"Alama ya mwigizaji pa kusimama. Nyekundu za Bwana Lindqvist. Kijani za Wendell, yule anayesimama badala ya zile nafsi nyingine, ili Bwana Lindqvist apate wa kuzungumza naye. Zimebandikwa asubuhi. Mimi zamu yangu imeanza saa sita, nikakuta vumbi limeshamwagwa."

Odessa alipapasa vumbi hadi akapata utepe mwingine wa kijani karibu na kiti cha enzi. Akaufukia vizuri, akaagiza Wendell Pruitt aitwe.

Alikuja akifuta mchuzi wa nyama choma mdomoni. Kimo cha Lindqvist, mabega ya Lindqvist, vazi lile lile, glavu zile zile.

"Njoo huku kwenye kiti tuzungumze," alisema Odessa. "Ulikuwa wapi saa sita na nusu?"

"Kwenye hema la chakula, dada. Muulize yeyote."

Alikuja akimtazama usoni, akasimama. Odessa akainama, akapangusa vumbi mbele ya miguu ya Wendell. Kijani.

"Hukutazama chini hata mara moja."

Wendell aliiangalia miguu yake.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Inakwenda yenyewe."

"Na leo ilikupeleka kwa Lindqvist."

"Jana niliigiza kifo cha nafsi ya sita ili yeye ajifunze. Nililia kweli. Akaiga kila kitu, hadi kidevu kilivyotetemeka, wakampigia makofi. Leo nikamwomba jina langu liandikwe mwishoni mwa filamu. Mstari mmoja tu. Akacheka. 'Wendell, wewe unalipwa kusimama. Basi simama.'" "Nikasimama. Stendi ilikuwa karibu."

Odessa alimwonea huruma kidogo. Kisha akamtazama Mzee Cleophus.

"Ukamwona huyu akivalishwa pingu, ukaenda kujipakulia nyama?"

Wendell alijifuta mdomo tena.

"Mshenzi wewe! Alichokufanyia Lindqvist ndicho ulichomfanyia huyu. Luteni, mfungue mzee. Na umwombe radhi, nikisikia."

Haskell alifungua pingu, akanung'unika radhi yake. Odessa alizichukua, akamfunga Wendell, kisha akafungua karatasi ya maelezo.

"Jina kamili?"

"Wendell Amos Pruitt." Alinyoosha shingo kuangalia kalamu. "Pruitt ni 'T' mbili, dada. Tafadhali usikosee."