Jiwe Lililokataa Sabuni

Jumamosi, tarehe mbili Juni 1956, kabla umande wa Chawia haujakauka, Elsie alitia mkono kwenye karai kutoa jiwe la marehemu baba mkwe wake. Akapapasa, akapapasa tena. Jiwe ambalo wiki iliyotangulia lilikuwa kama yai la njiwa lilikuwa limebaki kama punje ya hindi. Alipiga yowe.

Mama mkwe wake, Wakesho, alikuwa kitandani, hajala siku kadhaa. Hakuuliza kuna nini.

"Limekwisha?"

"Karibu, mama."

"Basi mwenyewe yuko mlangoni. Nifunike vizuri."

Jiwe hilo lilikuwa na historia, tena si nzuri. Mzee Elijah alilichukua ujanani kwenye pango la mlimani, mahali mafuvu ya wazee wa ukoo yalipopangwa yakitazama bonde. Lilikuwa jiwe angavu, kubwa kama ngumi. Maisha yake yote hakumruhusu mtu mwingine kulishika. Alipokuwa anakata roho, mwezi wa Novemba, alimwambia mkewe, "Madhali jiwe limo chumbani, na mimi nimo." Tangu Pasaka jiwe lilianza kupungua, na Wakesho akapungua nalo, akiamini kwamba likiisha mumewe atakuja kumchukua.

Zephaniah, mdogo wake marehemu, hakuwa mtu wa kulaza damu. Aliita wazee wakutane Jumatatu saa kumi jioni ili Elsie arudishwe kwao kama mchawi, na mtoto wake mchanga, Wakio, abaki kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Kwa chifu alisema jambo jingine: kwamba mwanamke huyo anamega jiwe na kumuuzia mfanyabiashara wa Voi. Alijua polisi hawaandikishi kesi za wafu.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Landrova ya polisi ilipanda mlima. Ndani yake alikuwemo Sajini Mwanzia, Mkamba mwenye sauti ya chini na kidevu chenye jeraha bichi la wembe, pamoja na huyo mfanyabiashara mwenyewe, Abdulghani Badawy, ambaye njia nzima hakuacha kulalamika.

Sajini hakuwa mwoga. Hata hivyo alipoingia chumbani kwa Wakesho alivua kofia upesi kuliko alivyokusudia. Kando ya kitanda cha mgonjwa palitandikwa mkeka wa pili, mpya, na juu yake sahani ya chakula isiyoguswa. Palikuwa na baridi humo ambayo nje haikuwepo.

"Hiyo ni ya nani, mama?"

"Ya mume wangu," Wakesho alisema. "Ametembea mbali."

Mwanzia alitoka akamkuta Elsie kizingitini, Wakio akiwa kifuani. Macho ya Elsie yalikuwa mekundu, lakini alijibu kila alichoulizwa.

"Nani alikwambia uoshe jiwe?"

"Nilimwomba mama ruhusa mwezi wa Desemba. Moshi ulikuwa umelitia weusi. Hapo zamani nililea watoto wa mpima madini kule Mwatate. Mke wake alikuwa na kabati zima la mawe ya namna hii, akanifundisha kuyatunza. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini. Usilitoe kwenye moto ukalitia kwenye baridi, litapasuka. Usilianike juani, mengine hupauka. Lakini kwanza kabisa ujue ni jiwe gani, kwa sababu yako mawe yasiyostahimili maji."

"Na hili ulijuaje linastahimili?"

Elsie alimwonyesha kioo cha dirisha. Pembeni palikuwa na mchoro mwembamba. "Jiwe lenye kukwaruza kioo haliogopi maji. Hili lilikwaruza. Miezi ile yote kabla ya Pasaka nililiosha hapa mlangoni kila Jumamosi, watu wakipita, wala halikupungua hata chembe. Isipokuwa Jumamosi ya Pasaka sikuliosha. Mume wangu alikuwa amekuja likizo, nyumba imejaa wageni."

"Na baada ya Pasaka?"

"Lilikuwa jepesi. Nikamwambia mama, akasema mwenyewe ameanza kulibeba kwa upande wa pili. Na sabuni ikalikataa, Sajini. Haikutoa povu. Iliganda kwenye maji kama maziwa yaliyoharibika. Nikaogopa, lakini nikazidi kuliosha, nikidhani ni uchafu. Nikawa naliacha kwenye maji ya moto muda mrefu zaidi." Alimkumbatia mtoto. "Jioni watanichukulia mwanangu. Kama unajua kitu, kijue upesi."

Mwanzia alichukua ile punje, akaikwaruzia kioo. Kioo kilibaki kama kilivyokuwa, punje ikatoa unga. Kisha akailowesha akaigusisha kwenye jeraha la kidevu chake. Ilimchoma, ngozi ikakaza, damu ikakatika. Mwasho huo aliujua kutoka kwenye kiti cha kinyozi wake. Alikitia kile kipande mfukoni.

Akamwita Zephaniah nyuma ya zizi.

"Jiwe ulilitaka wewe?"

"Ni la ukoo! Kaka yangu alilitoa pangoni bila ruhusa, na mimi nilisema lirudi. Nani asiyejua nilivyosema?"

"Na ulimwona Elsie akilisafisha?"

"Mara ngapi! Nilisimama hapo hapo nikamwambia, 'Binti, vya wafu havitiwi sabuni.' Akanicheka."

Abdulghani naye alikuwa ameketi juu ya boneti ya Landrova, kanzu ameikunja isichafuke. Sajini alimuuliza kama aliwahi kulitaka jiwe lile.

"Nililitaka, wallahi, sikufichi. Nilikuja mwezi wa Februari kwa nia njema. Nikamkuta bibi huyu analisugua karaini, povu mpaka viwikoni. Nikataja bei, yule mama akanifukuza na mwiko. Toka siku hiyo sijapanda huku, hadi leo uliponileta kama mwizi wa kuku."

"Dukani unauza nini?"

"Bwana, niseme nini siuzi? Misumari, uvumba, shabu ya vinyozi, kanga, dawa ya minyoo. Mbona wauliza?"

"Nauliza tu," Mwanzia alisema.

Saa nane basi lilimleta Donald, mtoto wa pekee wa Wakesho na mume wa Elsie. Alikuwa karani wa shamba la mkonge kule Mata na mzee wa kanisa, suti yake ikiwa na vumbi la safari. Alimsalimu kila mtu isipokuwa mkewe. Hakuingia chumbani kwa mama yake, akasema atangoja wazee.

Wazee walipokaa, Sajini aliomba aulize swali moja, na kila mtu ajibu kwa zamu: jiwe la marehemu husafishwa vipi?

"Kwa maji na sabuni, ole wao," alisema Zephaniah.

"Sabuni, tena nyingi," alisema Abdulghani.

Donald alikohoa. "Kwa kitambaa kikavu na mafuta ya kondoo. Baba hakuruhusu liguswe na maji."

Mwanzia alitoa ile punje mfukoni akaiweka kiganjani.

"Hii ni shabu, lile jiwe la vinyozi. Kwenye maji ya moto huyeyuka kama sukari, na sabuni haipatani nayo. Jiwe la kweli liliondolewa Pasaka, hii ikawekwa mahali pake. Kila mtu wa Chawia alimwona Elsie akiosha jiwe. Zephaniah alimgombeza. Abdulghani anauza shabu na anajua inavyokwisha. Hakuna kati yao ambaye angeacha shabu kwenye nyumba yenye karai. Aliyeiacha aliamini haitagusa maji kamwe. Ni mtu anayekuja nyumbani kwa nadra, Donald."

"Haa!" Abdulghani aliruka. "Ndiye! Wiki ya Pasaka alichagua bonge zima, hataki livunjwe. Nikamwuliza, kijana, wewe una ndevu za watu wangapi?"

Donald alikaa chini na suti yake.

"Nilikuwa namwota," alisema. "Baba, na wale wa pangoni nyuma yake. Wananiuliza, chetu kiko wapi? Kila usiku. Nami ndiye ninayesimama kanisani Mata kuwaambia watu kwamba wafu hawana nguvu. Ningemwambia nani? Alfajiri ya Pasaka nililirudisha pangoni. Niliweka shabu ili mama asijue. Niliposikia linapungua, nikajua wameikataa hata shabu, wanakuja. Nikaogopa."

"Na mimi?" Elsie alisimama. "Ulisikia lini kwamba naitwa mchawi?"

"Mwezi uliopita."

"Na leo ulikuja kuwaambia ukweli?"

Donald alitazama viatu vyake. Elsie aliingia ndani.

Zephaniah alipangusa jasho haraka. "Basi, ni mambo ya nyumba. Tusameheane, mke arudi jikoni." Sajini alikunjua kitabu chake cha kesi, akakifunga. Sheria ilikuwa na kifungu cha mwizi wa kuku, lakini haikuwa na cha mume aliyenyamaza, na jambo hilo lilimchoma moyo.

Ndipo Wakesho alipotokea mlangoni, ameshikilia mwimo kwa mikono miwili.

"Donald. Baba yako hakuja?"

"Hakuja, mama. Ni mimi."

"Nami nilikuwa nimemtandikia." Alilia kwa sauti, mbele ya wanaume, kilio ambacho hakulia hata siku ya mazishi, na wazee wakainamisha vichwa.

Elsie alitoka na furushi lake, macho yake kwa mtoto aliyekuwa ameshikwa na shangazi mmoja. Wakesho alijifuta, akamchukua Wakio. Alimweka mgongoni kwa Elsie, akamfunga kwa leso yake mwenyewe.

"Mtoto ni wa ukoo!" Zephaniah alifoka.

"Ukoo nimeuona leo," Wakesho alisema. "Nenda naye, mwanangu. Nikipata nguvu nitakuja kumtazama."

Mwanzia alifungua mlango wa Landrova. Abdulghani, bila kuambiwa, alihamia nyuma kwenye vumbi. Injini ilipowaka Donald alikimbia akashika dirisha.

"Elsie, utarudi lini?"

Alimtazama bila hasira.

"Kawaulize wale wa pangoni unaowasikiliza," alisema, na gari likaanza kuteremka.