Malkia Ndani ya Kichupa

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia karakana ya mjomba wake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mjomba alikuwa fundi wa vioo, na kwenye rafu ya juu alifuga sisimizi wa vichwa vikubwa, ndani ya kisanduku cha kioo alichokitengeneza mwenyewe.

Sisimizi hao hawakuwa wa kuokotwa popote. Wafugaji wengine walifunga safari kuja kuwatazama tu. Wengi wao walikuwa vibarua wadogo, lakini katikati yao walipita askari wenye vichwa vikubwa kuliko viwiliwili, wakipasua mbegu kwa taya huku watu wazima na ndevu zao wakishangilia. Kazi ya kuwapa maji na mbegu ilikuwa ya Chiriku. Mjomba hakumwamini mtu mwingine.

Shuleni, Chiriku alikuwa ameshatangaza kwamba sisimizi hao ni wake. Wenzake walipozidi kumbana awaonyeshe, alisubiri mjomba atoke kwenda kupima dirisha la mteja, akamchota malkia kwa brashi laini pamoja na vibarua wachache, akawatia ndani ya kichupa.

"Huyu ndiye malkia?" aliuliza jirani yake wa dawati kesho yake darasani. "Mbona kichwa chenyewe cha kawaida?"

"Wenye vichwa vikubwa ni askari," Chiriku alijitetea.

"Basi si ungetuletea askari!"

Darasa zima likaangua kicheko. Chiriku akatamani ardhi ipasuke immeze.

Alikusudia kumrudisha malkia jioni hiyo hiyo, lakini alimkuta mjomba ameketi mbele ya kisanduku, uso umemsawijika.

"Malkia simwoni, mwanangu. Nadhani amekufa. Ni gundi yangu hii! Jana nilibandika vioo humu humu, madirisha yamefungwa. Harufu imemuua."

Chiriku akauficha mkoba wake mgongoni. Kichupa kilikuwa humo ndani.

"Nisamehe," mjomba akaendelea. "Wewe ndiye uliyewalea, na mimi nimekuharibia."

Chiriku aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Afadhali angegombezwa. Alikwenda nyumbani bila kusema neno, na usiku usingizi ukamkataa.

Siku iliyofuata alimkuta mjomba amehamishia gundi na meza nje, anafanya kazi juani, jasho linamtiririka. Kioo cha mteja kilimteleza kikavunjika. Mjomba aliinama akaokota vipande. Ndani ya kisanduku vibarua walikimbia huku na huko bila kugusa mbegu, na ndani ya kichupa malkia alikuwa amelegea, hasogei ila kwa shida. Chiriku hakuweza kuvumilia zaidi.

"Mjomba, gundi haikumuua malkia. Mimi ndiye niliyemchukua. Nilitaka wenzangu wanisifu." Akaweka kichupa mezani, machozi yakimlengalenga.

Mjomba alikichukua bila kumtazama, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko kofi. Akakielekeza kichupa kwenye mlango wa kisanduku. Askari mmoja alitangulia, taya wazi. Chiriku akafumba macho. Alipoyafumbua, askari alikuwa amempisha malkia, na vibarua wanamvuta taratibu kuelekea ndani.

"Wamemtambua," mjomba akashusha pumzi. Kisha akamgeukia. "Kumchukua malkia, ningekusamehe papo hapo. Lakini uliniona nikikuomba msamaha kwa kosa lako mwenyewe, ukanyamaza. Hapo ndipo uliponiumiza."

"Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe. Na wenzako darasani, wanajua sisimizi ni wa nani?"

Chiriku akatikisa kichwa.

"Basi kesho utawaambia mwenyewe. Sitakuja kukusemea."

Asubuhi Chiriku alimwomba mwalimu ruhusa, akasimama mbele, akasema yote. Walimcheka kuliko mara ya kwanza. Hata hivyo alisema mpaka mwisho, kisha akarudi kuketi, macho sakafuni.

Jioni mjomba alimwuliza, "Wamekucheka?"

"Sana."

"Na ile siku uliponyamaza, ulilala vizuri?"

"Sikulala, mjomba."

"Leo utalala. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lako. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Haya, wape maji. Wanakusubiri wewe."