Nilitia Sahihi Kikao Ambacho Sikukaa

Nina miaka arobaini na mbili, mke wa fundi wa mabomba, na nina cheti cha kidato cha nne ambacho mama yangu hakuwahi kuwaonyesha majirani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Natoka kwenda kanisani na dukani, basi. Mume wangu husema hata mbwa wa jirani hunibwekea kama mgeni.

Nyumba yenyewe tuliijenga Riruta sisi wawili, chumba baada ya chumba, kwa miaka kumi na moja. Tulitoka Vihiga na godoro moja. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo aondoke kwake aende wapi?

Jirani yangu Mama Shiku ndiye aliyekuwa macho na masikio yangu. Alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama, na kila mkutano nilioukwepa, aliniletea daftari nyumbani nitie sahihi kana kwamba nilikuwepo. Tulicheka. Tuliuita huo urafiki...

Mwaka jana tangazo lilibandikwa kwa chifu. Kampuni fulani ilitaka kufungua ghala la kuchanganya thina ya kuyeyusha rangi na dawa za kusafishia vyuma, nyuma tu ya ploti yetu. Wakazi waliitwa kutoa maoni kabla kibali hakijatolewa. Nilijiambia nitaenda. Kweli nilijiambia... Siku ilipofika kulikuwa na manyunyu, nami nilikuwa nimebandika maharagwe.

Mama Shiku akaja na karatasi. "Kuku wa kutaga, najua hutoki," akanitania. "Weka sahihi ya kuhudhuria. Mimi nitawaambia hatutaki."

Nikaweka. Akasema niweke na ya mzee, tuonekane wengi. Nikaweka na ya mume wangu, nikijisifu jinsi nilivyoupindisha mwandiko. Kisha nikamwandalia chai na mandazi, kumshukuru kwa kunihangaikia!

Baada ya miezi michache malori yakaanza kuja. Mapipa ya buluu, na harufu kama rangi ya kucha iliyochemshwa kwenye sufuria. Nilifunga madirisha. Nilisukumia vitambaa vibichi chini ya mlango. Binti yetu Mercy, aliye kidato cha pili, akaanza kukohoa, kisha kifua kikawa kinalia kama filimbi. Daktari hakuzunguka: mtoto huyu asilale tena karibu na harufu hiyo.

Basi mtu wa nyumbani akatoka. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tano ya ofisi moja katikati ya jiji, magoti yakinilaani, kuuliza ni nani aliyelikubali lile ghala. Afisa, mama mpole wa rika langu, akafungua faili.

Jina langu lilikuwa la saba. Kando yake, kwenye nafasi ya maoni, palikuwa pameandikwa: "Naunga mkono." Mwandiko ulikuwa wa Mama Shiku. Ningeutambua popote.

"Mama, hii si sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Ulikuwa kwa kikao?"

Nikainama kuisoma upya ile karatasi.

"Na huyu wa nane, ni mzee wako? Mbona hizi sahihi ni kama za mtu mmoja?"

Ningesema nini? Kwamba nimeibiwa, na mwizi nilimpa chai?

Nilimkuta Mama Shiku akianua nguo. Hakukana. Shiku wake alikuwa ameahidiwa kazi kwenye ofisi ya ghala, na nyumba yao iko upande ambao upepo unatoka, si unakoelekea.

"Mama Mercy, nimekuletea daftari miaka mingapi ukiwa umejikalia kwako?" akaniuliza, bila hata kuinua sauti. "Hiyo haikukuuma. Ungekuja kikao ungejisemea mwenyewe."

Hapo alisema kweli... Lakini huyu ndiye aliyempakata Mercy siku tuliyotoka naye hospitalini akiwa mchanga. Alijua kabisa anapolala.

Tulifunga virago tukahamia nyumba ya kupanga, Uthiru. Mercy anapumua vizuri. Nyumba yetu hakuna anayeitaka, hata wa kuiangalia tu. Mume wangu, nilipomweleza kuhusu sahihi yake, alichukua mfuko wake wa zana akaenda kazini. Aliporudi jioni aliniuliza kama kuna kitu kingine nimekubali kwa niaba yake.

Majirani waliobaki wamekata rufaa. Wanataka niape mbele ya jopo kwamba sikukanyaga kikao kile, na kwamba sahihi ya mume wangu niliighushi. Nimeonywa kwamba naweza kushtakiwa. Naogopa, sitadanganya. Lakini nitaenda, na mzee wangu amesema atanisindikiza.

Wasomaji wenzangu, rafiki anaweza kukubebea mtoto, hata jeneza. Msimpe akubebee neno lako. Mkiitwa kutoa maoni kuhusu kiwanda, nendeni mkae hadi mwisho. Kama hujui kemia, na mimi siijui, muulize tu mwenye mapipa: wewe na watoto wako mngelala hapa? Subiri jibu lake liandikwe, ulisome, ndipo uombe kalamu.