Mtoe Wifi Yangu

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nafunga studio yangu pale mtaa wa Sakina, Susana akaingia na bahasha. Mumewe, Gadiel, alikuwa anazikwa kesho yake.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba, Violet. Nataka picha ya kuweka juu ya jeneza." Akaitoa. Gadiel amesimama na mwanamke mwembamba, shuka jekundu mabegani. "Huyu ni wifi yangu, Yiamat. Mtoe."

"Dada yake marehemu?"

"Mchawi," akanong'ona. "Ukoo ulishamfukuza."

Nikaiskani. Programu yangu ya picha ilikuwa imejiapdeti asubuhi, na tangu hapo ilikuwa inakwama kila saa. Nikamzungushia Yiamat alama, nikabonyeza kufuta. Akatoweka.

Halafu akarudi.

Nikafuta tena. Akarudi... safari hii mkono wake uko begani kwa Gadiel. Kwenye picha ya karatasi aliyoileta Susana, mikono yake ilikuwa chini.

Nikampigia Reginald, fundi wangu wa kompyuta.

"Hiyo apdeti ni mbovu, dada. Inabuni vitu. Itoe, rudisha toleo la zamani."

Nikaitoa. Nikazima mashine, nikawasha. Wakati tunasubiri, studio ikaanza kunuka maziwa ya kwenye kibuyu, yale yenye moshi. Susana akajiziba pua.

"Ni harufu ya nyumbani kwa Yiamat," akasema.

Toleo la zamani halijui kubuni chochote. Nilifuta kwa mkono, kidogo kidogo. Miguu. Shuka. Shingo. Nilipofika usoni, mdomo wa Yiamat ulikuwa wazi.

Mwanzo ulikuwa umefumbwa. Naapa ulikuwa umefumbwa.

"Mama... tumwache?"

"Malizia."

Nikafuta.

Hakurudi. Harufu nayo ikakatika ghafla.

Simu ya Susana ikaita. Akasikiliza, akakaa chini sakafuni, vivi hivi na kitenge chake kizuri.

"Yiamat," akasema. "Alikuwa anashuka kwa miguu kuja msibani. Ameanguka njiani, sasa hivi. Hapumui."

Hospitali walisema ni presha. Reginald alikuja akakagua kompyuta nzima, hakuona tatizo. Nilitaka sana kuwaamini wote wawili.

Siku ya tatu Susana alirudi, macho yamevimba.

"Watoto wa Yiamat hawana picha yake nyingine. Mrudishe, Violet."

Nilikuwa na nakala ya kwanza, ambayo sikuigusa. Nikaifungua.

Gadiel peke yake.

Nikamwomba ile karatasi yenyewe. Akaitoa kwenye bahasha.

Gadiel peke yake. Na kichwa amekigeuza, anautazama ukuta.

Susana alilia bila sauti. "Nilimsingizia," akasema. "Gadiel alipoanza kuumwa mganga alitaka jina la anayemroga. Nikampa la Yiamat."

Yiamat alizikwa bila picha, na watoto wake walinisalimia vizuri tu makaburini, hawajui lolote.

Kazi bado naifanya. Ila siku hizi mteja akiniomba nimtoe mtu kwenye picha, namwambia ampigie kwanza huyo mtu simu, nimsikie akiongea.