Ng'ombe Watano wa Karatasi

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wote wa duka, Léonie alifanya mambo matatu. Alipangusa kioo cha mashine ya fotokopi kwa kitambaa chenye matone ya limau. Alitoa nakala moja ya karatasi tupu ili aone kama mashine imeamka safi. Kisha alikunja karatasi ile na kuiweka mfukoni, kwa sababu Mama Brigitte, mwenye duka, hakupenda kuona karatasi ikitupwa.

Jumanne ile, katika mtaa wa Lumumba mjini Bunia, alikuwa kwenye jambo la pili wakati mlango uliposukumwa kwa bega na karatasi zaidi ya thelathini zikamwagika sakafuni.

"Pole, madmwazeli! Usikanyage Iruna, tafazali!"

Léonie aliinua mguu. Chini ya kandambili yake kulikuwa na msichana wa wino mweusi, ameshika upinde, amepanda okapi, yule mnyama wa msituni mwenye milia miguuni, lakini huyu mwenye mabawa. Aliyepiga kelele alikuwa kijana mrefu, shati la manjano limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, kidole gumba kimejaa wino, viatu vyekundu kwa vumbi la bulvadi, ile barabara kuu.

"Okapi anaruka?" Léonie aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, mpaka kijana akainama ili aisikie.

"Mu jeu, ule mchezo wa mashine, ni farasi. Lakini mimi farasi sijaona hata siku moja. Okapi, baba yangu aliona."

Jina lake lilikuwa Elysée. Alieleza huku akiokota. Katika ukumbi wa michezo ya video kule bulvadi, vijana ishirini waligombania mashine mbili ili wacheze Moruvia, mchezo wa wafalme, wachawi na majoka ambao kila mtu aliupenda. Umeme ulipokatika, walibaki kuangalia ukuta. Basi yeye alikuwa anaugeuza mchezo kuwa manga, hadithi ya picha kama zile zinazotoka Japani, sura moja kila juma, ili anayengoja zamu asome, na asiye na zamu kabisa naye ajue Iruna amefika wapi.

"Nakala makumi mbili. Unaweza kuzishona pia, zikuwe kitabu?"

"Naweza," Léonie alisema, akiangalia meza. Alikuwa amevaa kitenge cha bluu chenye ndege weupe, na nywele zake zilisukwa na kurudishwa nyuma kama za msichana wa kwaya. Elysée alisahau kuuliza saa ya kurudi. Alirudi saa nane.

Nakala zilikuwa zimepangwa mezani, safi, zimetiwa waya upande wa kushoto kama kazi zote za duka. Elysée alifungua moja, akatazama, akakaa kwenye kiti cha wateja na kucheka hadi machozi yakamtoka.

"Léonie! Umeua mufalme ku ukurasa wa kwanza!"

"Mimi?"

"Manga inaanzia kule siye tunamalizia. Kuume kwenda kushoto. Hapa batasoma mufalme anakufa, kisha anapigana, kisha anazaliwa!"

Masikio ya Léonie yalipata moto. "Nitarudilia zote," alinong'ona.

"Unasema nini? Unaongea kama mashine yenye wino imeisha."

Hapo Léonie akacheka, kwa nguvu kidogo, mkono mdomoni. Walitoa waya zote ishirini pamoja na kuzirudisha upande wa pili. Vanessa, aliyefanya kazi kwenye kompyuta ya pembeni, aliwaangalia kwa jicho moja na kuandika cheti cha kuzaliwa kwa jicho la pili. Kijana alipoondoka, Vanessa alisema, "Waya makumi mbili, saa mbili nzima? Mimi najua kazi ya waya. Ile haikuwa waya."

Baada ya hapo, kila Jumanne ilileta sura mpya. Léonie alijua kwamba Doru, mfua vyuma wa Moruvia, alimpenda Iruna na hakuthubutu kumwambia, kwa hiyo kila sura alimtengenezea mshale mpya. Katika mchezo wenyewe, Doru alikuwa mtu wa kuuza silaha tu. Mapenzi yale aliyatia Elysée.

"Kwa nini Doru hasemi?" Léonie aliuliza siku moja kwa simu.

"Anaogopa, sheri," Elysée alijibu, akimwita mpenzi kwa utani. "Mu jeu ukishindwa unaanza upya. Mu manga, ukurasa ukichorwa, umechorwa."

"Mimi ningekuwa Iruna, ningemwambia: leta mishale, nyamaza tu."

"Weye? Weye usingesema chochote! Iruna angetoka mu Moruvia hajaomba hata maji."

Jumapili baada ya ibada walitembea, wakala mikate ya mafuta iliyofungwa katika karatasi, na kubishana kama okapi anaweza kuruka tumbo likiwa limeshiba. Léonie alizoea kusoma kutoka kuume hadi akafungua kitabu cha nyimbo kanisani kwa nyuma, na mama aliyekaa pembeni yake akakigeuza polepole bila kusema neno.

Lakini neno lenyewe, lile la kumwambia mwenzako kwamba unamtaka, hakuna aliyelisema. Léonie aliona haya. Elysée alikuwa na sababu nyingine. Familia yake ilikimbia vita kule Djugu usiku mmoja na tangu mwaka ule haikurudi. Ng'ombe wote walibaki nyuma. Babake Léonie, Mzee Anaclet, alikuwa na zizi lake njia ya Marabo, na binti yake wa kwanza, dada ya Léonie, aliolewa kwa mahari ya ng'ombe ambao watu wa mtaa bado waliwataja kwa rangi zao.

Mwezi wa pili ulipoisha, Elysée alikuja Jumatatu badala ya Jumanne. Hakuwa na sura mpya. Alikuwa na daftari la shule, kaye moja iliyofunikwa kwa karatasi ya kaki pande zote, bila jina.

"Mjomba Fulgence ananiita Kasenyi, ku bandari ya ziwa," alisema. "Anataka nivuke ziwa, nikae Uganda kupokea samaki yake. Miaka tatu. Mtumbwi unatoka Jumamosi asubuhi."

Léonie alipangusa kioo kilichokwisha kupanguswa. "Na weye unataka?"

"Jibu langu ni hiyo kaye. Haina maneno, maneno yananishinda. Soma, kisha unipigie. Usipopiga, nitaelewa, sitakusumbua."

Alitoka haraka, akagonga bega mlangoni kama siku ya kwanza.

Wakati wa chakula Léonie alijifungia nyuma ya duka, kati ya masanduku ya karatasi. Aliigeuza kaye, akaanzia nyuma, upande wa kuume, kama alivyofundishwa. Picha moja kila ukurasa.

Nyumba ndogo, jozi mbili za viatu mlangoni. Moyo wake uliruka. Msichana mwenye nguo nyeupe, nywele zake zikiwa zimesukwa kurudi nyuma, na kijana mwenye gumba jeusi pembeni yake. Léonie alitabasamu peke yake kati ya masanduku. Kisha ng'ombe watano katika zizi la mzee mwenye kofia, kofia ya baba yake kabisa. Kisha wale ng'ombe watano barabarani, na kijana nyuma yao na fimbo.

Tabasamu likapotea. Ng'ombe walikuwa wametoka zizini.

Kwao kila mtoto anajua maana yake. Ng'ombe wa mahari wakirudishwa, ndoa imekwisha, hakuna wa kuuliza zaidi. Akafungua tena: wazee wa familia mbili wamekaa wakitazamana. Halafu kijana na msichana wanacheka juu ya karatasi moja. Halafu wamesimama huku na huku, mashine ya fotokopi katikati yao kama watu wasiojuana. Na ukurasa wa mwisho: kijana peke yake mvuani, kichwa chini.

Kwa hiyo alifikiria yote, Léonie alijiambia. Nyumba, harusi, ng'ombe. Akaona haitawezekana, akaja kuaga kwa adabu.

Alifunga kaye na kuiweka chini ya masanduku. Hakupiga simu.

Kule Kasenyi, Elysée alibeba masanduku ya samaki na simu mdomoni mwa mfuko wa shati, ili ilie karibu na sikio. Jumatano ililia mara nne, na kila mara ilikuwa mtu wa ukumbi wa michezo anauliza kama Iruna amekufa.

"Iyo simu utaioa?" Mjomba Fulgence alimtania.

"Ningejibiwa, mjomba, ningeoa."

Alhamisi alitazama simu na kuinyosha hewani akitafuta rezo ya mtandao. Ijumaa aliacha kutazama. Alifunga nguo zake katika mfuko mmoja.

Jumamosi asubuhi duka lilijaa. Wazazi walitaka nakala za karatasi za shule, mwendesha pikipiki alitaka kadi yake ya kura kwa nakala tatu, mchungaji alikuwa na tangazo la ndoa. Mashine ilimeza karatasi zote, na Vanessa akaenda nyuma kutafuta nyingine. Alirudi na kaye ya kaki mkononi, ameifungua mbele, upande wa kushoto, kama mtu yeyote wa Bunia anavyofungua kaye.

"Léonie, mutoto ya mama, wewe unaficha vitu!" Alikuwa anapindua kurasa akitembea. "Kijana ananyeshewa... anafika hapa, hii si mashine yetu? Muko munacheka... Wazee wanaketi... Yesu! Ng'ombe watano! Anawapeleka kwenu! Baba yako na kofia yake! Nguo nyeupe! Na nyumba! Kumbe ulichumbiwa tangu Jumatatu na unatuangalia tu?"

Léonie alisimama na kadi ya kura ya mwendesha pikipiki mkononi. Mbele ya macho yake ng'ombe watano waligeuka barabarani, wakaanza kurudi zizini.

Elysée alikuwa amechora kwa upande wa kushoto. Kwa upande wake yeye, Léonie, msichana aliyeua mfalme kwenye ukurasa wa kwanza.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tatu kasorobo," mchungaji alijibu.

Alipiga. Sauti ya mtandao ikasema nambari haipatikani. Alipiga tena. Mara ya tano ikaita, ikapokelewa, na duka zima likasikia injini ya mtumbwi ikinguruma ndani ya simu.

"Allo? Nani?"

"Ni mimi. Usipande."

"Nani? Ongea na nguvu!"

"Usipande mtumbwi!"

"Léonie? Niko ndani tayari. Bado wanapakia. Hukupiga..."

"Nilisoma kwa upande wako!" Sauti yake ilikuwa inapanda yenyewe. "Nilianzia mwisho! Niliona ng'ombe wanarudishwa!"

Injini ikanguruma. Kisha kikasikika kile kicheko cha siku ya kwanza, cha mtu anayetafuta mahali pa kukaa.

"Lakini mimi nilichora kwa upande wako! Kwa ajili yako!"

"Najua sasa!"

"Weye na mimi, nani anaweza kutusaidia?" Kicheko kikakatika. "Léonie, ile ni picha. Kwetu hatuna hata mkia wa ng'ombe. Unajua vile tulitoka Djugu."

"Kuko watano ndani ya kaye. Ukuje nao, baba ataanza kuhesabu hao. Wengine tutawatafuta siye wawili."

"Mjomba ananivuta mkono. Anasema nishuke ao nikae. Sheri, nimechoka na picha. Niambie na kinywa, nisikie."

Léonie aliinua macho. Wazazi walikuwa wamegeuka kumtazama, karatasi zao za shule vifuani. Mwendesha pikipiki alikuwa amevua kofia yake ya chuma. Vanessa alinyosha kidole, akazima mashine ya fotokopi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi duka halikuwa na sauti yoyote. Bado angeweza kukimbia akajifiche nyuma, kati ya masanduku.

Alivuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo hata wapita njia wa Lumumba waligeuka:

"Ninakupenda, Elysée! Ninataka tuoane! Shuka, urudi kwangu!"