Saa Themanini za Fusi

Jumatatu hiyo ilianza kama Jumatatu yoyote ya Julai katika mji wetu wa mizabibu kando ya Mto Murray: ukungu, chai, na dada yangu Vika akigombana na redio. Binti yake, Fusi, alikuwa amevaa sare ya uuguzi iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Alikuwa amebakiza saa themanini tu za mazoezi ili ahitimu: siku kumi, katika nyumba ya wazee iliyo umbali wa kilomita thelathini na nane. Zamu ilianza saa moja kasorobo asubuhi. Hakuwa na gari. Chuo kilipoulizwa, kilijibu kwa maandishi kwamba basi lipo. Kweli lilikuwepo: Jumanne na Alhamisi, saa nne.

Mimi nilikuwa na pikapu.

Kwetu Watonga, watu tuliotoka visiwani ng'ambo ya bahari, mtoto wa dada hamuombi mjomba. Anachukua. Nguruwe, shati, gari. Mjomba anabaki kucheka. Fusi angeweza kuondoka na funguo bila hata kunitazama. Lakini miaka mitatu ya chuo na fomu zake ilikuwa imemzoesha kuomba ruhusa.

"Mjomba, nipe funguo."

"Gari bovu. Giaboksi imekufa."

"Imekufa lini? Jana si ulikwenda nalo kanisani?"

"Imekufa baada ya ibada. Imekufa vizuri."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Haya, marehemu apumzike. Nitapata lifti barabara kuu."

Giaboksi ilikuwa nzima. Nilikuwa nimetoka kuipaka pikapu rangi, na mara ya mwisho Fusi aliirudisha imebonyea mlango. Basi. Sina sababu nyingine.

Lori la machungwa halikumwona kwenye ukungu. Hata kilomita moja hakuimaliza.

Kwenye msiba nilijifunga kiunoni mkeka mkubwa uliochanika, vazi letu la maombolezo, nikakaa jikoni kwenye moshi, mahali pa mjomba, aliye chini ya mpwa wake. Pikapu niliifungia bandani na sikuigusa tena. Chuo tulikiarifu, kikajibu kwamba taarifa yetu itashughulikiwa ndani ya siku thelathini za kazi.

Wiki tatu baadaye ikaja barua. Kwa Fusi. Hongera, saa themanini zimekamilika.

Nilikwenda chuoni na barua hiyo pamoja na cheti cha kifo, kwa basi la Alhamisi. Kijana wa dirishani alizilinganisha karatasi mbili kwa muda mrefu.

"Mzee, mfumo haukubali mtu afe kwanza, kisha asaini zamu. Karatasi moja ina makosa. Ungependa turekebishe ipi?"

Nilizichukua zote mbili, nikaondoka. Kesho yake jirani akanipeleka nyumba ya wazee.

Muuguzi mkuu, Lorraine, alitabasamu aliposikia jina. "Fusi! Hakuchelewa hata siku moja."

Nikamwonyesha picha.

"Ndiye huyo."

Nikamwonyesha cheti.

Akaketi. Alisoma tarehe mara mbili. Kisha akanong'ona, "Alikuwa akimlisha Bwana Doug uji. Siku zote kumi. Sote tulimwona."

"Mikono yake?"

"Baridi. Bwana Doug alikuwa akilalamika."

Akafungua kabati, akatoa fomu. Siku kumi, mistari kumi. Kila mstari ulikuwa na kisanduku ambacho, nadhani, ofisi ya bima ndiyo iliyokidai: mwanafunzi amefikaje kazini?

Mwandiko ulikuwa wake. Naujua. Ule wa kulalia kushoto.

*Mjomba amenileta.*

Mstari wa pili. *Mjomba amenileta.*

Wa tatu. Wa nne.

Yote kumi.

Sikumwambia Vika. Nilirudi nyumbani, nikaenda moja kwa moja bandani. Kufuli lilikuwa mahali pake. Vumbi lilikuwa limetanda kwenye boneti, bila alama ya kidole. Nikazunguka upande wa abiria.

Kioo kilikuwa kimepata mvuke kwa ndani, duara dogo, usawa wa mdomo wa mtu aliyeketi.

Lilififia. Likarudi.

Likafifia. Likarudi.