Sauti Arobaini na Moja za Stipe

Saa kumi na moja jioni nilichukua funguo nikashuka chini. Kazi ndogo tu. Huku kwetu kwenye machimbo ya vito vya opali jua linaua hata mitambo, ndiyo maana kompyuta za chama cha wachimbaji tumeziweka kwenye shimo la zamani, ndani ya mwamba. Mtunzaji wa kompyuta hizo ni mimi. Peke yangu, mwaka wa tisa huu.

Diski ilikuwa imejaa. Gareth, bosi wangu wa kule mjini Adelaide, alinipigia akitaka mazungumzo yote ya zamani ya redio ya wachimbaji yafutwe siku hiyo hiyo.

"Na huruma zako weka pembeni, mama," alisema. "Hao hawarudi kudai sauti zao."

Akacheka, kijana wa watu. Hajui.

Katika sauti hizo, arobaini na moja ni za mume wangu, Stipe. Kila jioni aliniita redioni: "Zdenka, weka kahawa, natoka." Siku ya mwisho, miaka tisa iliyopita, alisema, "Bado kidogo." Shimo likamfunika. Hatukupata hata kiatu.

Nimejaribu kuzinakili mara tatu. Kila nakala nikiifungua... kimya. Zinazosema ni zile zile za mwanzo, kwenye mashine ile ile, nami hushuka kila jioni kuzisikiliza. Najua watu wananisema. Waache waseme.

Niliandaa orodha ya kufuta, za Stipe nikazitoa zote. Kisha nikaandika ile amri tunayoiita xargs. Yenyewe haina macho. Unailisha majina, inatunga amri kwa kila jina na kuitekeleza. Nikaiagiza iniulize kwanza kabla ya kufuta kila moja. Nikabonyeza, nikaenda kuchemsha kahawa.

Niliporudi, kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja.

Futa Stipe-01? Ndiyo.

Nikausoma tena. Ndipo nikaona kosa langu, kosa la kila mtu wa kazi hii: nilisahau kuiunganisha na orodha. Amri isipopewa orodha hukaa kimya ikisubiri majina kutoka kwenye kibodi.

Na kwenye kibodi hapakuwa na mtu.

Futa Stipe-02? Ndiyo.

Futa Stipe-03? Ndiyo.

Vitufe havikusogea hata kimoja. Nilibonyeza kuikatiza, ikakataa. Nikachomoa waya wa kibodi. Majina yakaendelea kuja, taratibu, kama mtu anayechapa kwa kidole kimoja. Stipe alikuwa anachapa hivyo.

Kisha ikaja harufu. Dizeli na udongo mbichi... harufu ya shati lake.

Na nyuma ya ukuta, ndani kabisa ya mwamba, nikasikia sururu.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Stipe," nikanong'ona. "Usinifanyie hivi."

Thelathini. Thelathini na tisa. Arobaini. Nililia kama mtoto, sioni aibu kusema. Kila jibu lilikuwa jioni moja ya maisha yangu inayozimwa.

Futa Stipe-41?

Mahali pa jibu pakabaki patupu. Sururu ikanyamaza. Ile ya "bado kidogo" aliniachia mimi.

Nilimwelewa vizuri sana. Mtu ameitwa kila jioni kwa miaka tisa, atapumzika saa ngapi? Alikuwa ananiomba ruhusa. Mke mwema angempa.

Nikachomeka kibodi. Nikaandika hapana.

Halafu jina lile lile likajiandika upya, na swali lile lile. Ukutani sururu ikaanza tena, safari hii kwa nguvu, kama ya mtu aliyekasirika.

Asubuhi Gareth alipiga simu. Kumbukumbu za mashine zilionyesha majibu yote yalitoka kwenye kibodi yangu, kwa jina langu.

"Mama Zdenka, chukua likizo," alisema kwa upole. Kisha akashusha sauti. "Lakini niambie... ile amri, mbona naiona bado inasubiri? Nimeiua mara nne."

Nikamjibu nitaiangalia.

Sijaigusa. Kila jioni nashuka, swali linanisubiri, naandika hapana. Kila nikikataa, sururu inasogea. Wiki iliyopita ilikuwa mbali kama nyumba ya jirani. Jana vumbi lilidondoka upande wangu wa ukuta, na nikasikia mtu anahema.

Ningeandika ndiyo, yangeisha. Najua. Angelala huko aliko, nami ningepanda juu kwenye nyumba isiyo na mtu wa kuniuliza hata nimekula nini.

Hapana.

Aje amenikasirikia, lakini aje.